Safu Niliyomwandikia Dada Yangu

Tangu niliposhuka stesheni mmekuwa mkiniuliza habari za safari, nami nimewajibu maneno mawili matatu nikanyamaza, hata wengine mkadhani nimerudi na majivuno. Si majivuno. Mnanijua, mbele ya watu ulimi wangu hukauka. Kuandika nako naandika polepole, lakini karatasi hainitazami usoni. Nimemwomba mwalimu anipe benchi la nyuma saa za alasiri, na haya ndiyo yaliyotokea. Namna nilivyopata kazi, na barua zake na mihuri yake, naziruka, kwa kuwa hazina ladha.

Bwana wa boma alitaka ijulikane nchi hii ya kati ina watu gani na gani. Wagogo wangapi, Warangi wangapi, Wahehe, Wakaguru, Wasandawe, na wale waliokuja na reli. Karani aliyepewa kazi hiyo ni Bwana Sefu, mtu mzima wa Pangani. Kuuliza anajua sana, lakini macho yake yameanza kufifia, akatafuta kijana mwenye hati safi. Mwalimu akamwambia, Yona huandika polepole kama kinyonga anavyopanda mti, ila akimaliza hakuna wa kusahihisha.

Nilikubali kwa sababu moja. Njia ya Bwana Sefu ilikuwa ifike Busi, kwenye vilima vya Warangi, na huko Busi alikuwako dada yangu.

Wengi wenu hamjui kwamba nina dada. Mwaka wa njaa kuu tulikaa upande wa Haneti, mimi nikiwa bado mgongoni. Baba alikwisha kufa. Mama alipanda vilima pamoja nami na dada, Mbeho, mwenye miaka kama saba, akarudi nami peke yangu na kikapu cha uwele. Baadaye tukahamia Gulwe kwa mjomba. Mama hakuzungumza habari ile zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili alitaja jina la Busi. Nilipomwambia nakwenda huko, aliacha kusaga, akasema, "Uangalie kama yu hai." Kisha akaendelea kusaga.

Gulwe hadi Dodoma

Ninyi mmeliona garimoshi likipita, lakini kulipanda ni jambo jingine. Nilikaa kwenye behewa la wazi juu ya sanduku la karatasi, na lilipoanza kwenda nilishika ukingo kwa mikono miwili, nikacheka peke yangu bila kujua nacheka nini. Miti ilikuwa inakimbia kurudi Gulwe. Nilimwona mbuzi wa mjomba, nikampungia mkono.

Mwenzetu wa tatu alikuwa Kasanda, Mnyamwezi, mpagazi wa Bwana Sefu. Aliposikia mimi ni Mgogo alifurahi kama aliyeokota kitu, kwa kuwa sisi na wao ni watani, akaanza papo hapo. Alisema sasa safari itakuwa fupi, maana amepata mtu wa kumtukana hadi Busi bila kushitakiwa.

Kabla ya kufika nusu ya njia gari lilisimama porini. Tulidhani kuna ng'ombe kwenye reli, kumbe injini ilikuwa na kiu. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, na tangi la mbele halikuwa na maji ya kutosha. Fundi, mtu mweupe mwenye ndevu zilizojaa masizi, alishuka na debe akawaendea akina mama waliokuwa wakichota kwenye kisima cha mchanga. Hawakumwelewa. Mmoja alidhani anataka kunywa, akampa kibuyu. Naye kwa adabu akanywa, kisha akaonyesha injini kwa kidole. Yule mama akaitazama injini, akatazama kibuyu chake, akaketi chini akicheka hadi akafuta machozi.

Tulikaa hapo tangu asubuhi hadi jua lilipopinda. Wanaume walipanga mstari wa madebe, akina mama wakachimba zaidi, na fundi akalipa kwa vitambaa na chumvi. Kasanda alisimama juu ya behewa akawatangazia abiria.

"Mtani wangu huyu, babu zake waliwatoza babu zetu hongo ya maji. Kila kisima, nguo. Kila kisima, jembe. Nilidhani mambo hayo yamekwisha. Leo nimeona kwa macho yangu, hata gari la Wadachi linapita Ugogo kwa hongo."

Behewa zima lilicheka, wakanitazama wasikie nitajibu nini. Mtani asipojibu ni kama chakula kisicho na chumvi. Nami jibu nililipata, zuri sana, lakini lilinijia tulipokuwa tumekwisha kupita vituo viwili, na Kasanda amelala.

Dodoma

Dodoma nilidhani nitaona mji. Niliona stesheni, boma, maduka machache ya mabati na vumbi, lakini watu waliokuwamo katika vumbi lile sijawahi kuona. Askari wa Kinubi aliyekuwa akinunua vitunguu. Mhindi mwenye duka aliyemjibu kwa Kigogo, na Kigogo chake kilikuwa kizuri kuliko cha Kasanda. Wasukuma na Wamanyema waliobaki baada ya kujenga reli, wakaoa hapo, wakajenga vibanda vya namna ya kwao. Mtoto mmoja alikuwa akiuza karanga, nami nikiwa na hamu ya kazi yangu nikamwuliza kabila lake. Alifikiri kidogo, akasema, "Stesheni."

Nilinunua karanga zake kwa kuwa niliona haya kuzidi kumwuliza.

Kesho yake Bwana Sefu aliitwa bomani, akarudi na maagizo, akatusomea tukiwa tumekaa juu ya mizigo. Karatasi ilikuwa na safu kwa kila kabila, na mwisho kulikuwa na safu iliyoandikwa Wageni. Mgeni, alisema, ni mtu anayekaa chini ya jumbe ambaye si wa kwao. Bwana wa boma anataka kila jumbe awe na watu wake mwenyewe, kwa hiyo baada ya mavuno wageni watarudishwa kwao walikotoka. Tena karatasi isifutwefutwe. Yenye kufutwa itarudishwa na karani atajibu.

 Nilifikiri hivi: Mbeho ni Mgogo na anakaa kwa Warangi. Basi ni mgeni. Nikimwandika katika safu ile ya mwisho, boma lenyewe litamrudisha kwetu, wala hapatakuwa na haja ya mimi kusema neno mbele ya mtu. Mama ataamka siku moja amkute mlangoni. Kazi ya kalamu tu. Jioni ile nilichonga vijiti vya kupigia mistari hadi Bwana Sefu akaniuliza kama natengeneza uzio.

Nkuhungu

Kituo cha kwanza cha kuandika kilikuwa karibu, Nkuhungu, na hapo tulikaa siku nzima kwa sababu ya neno moja.

Mwenyeji wetu aliitwa Mzee Magawa, mwenye tembe ndefu ya udongo yenye paa la bapa. Alitupokea vizuri, tukapewa ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando. Bwana Sefu hakuwahi kula mlenda. Aliuinua kwa tonge, ukamfuata, akainua zaidi, ukazidi kumfuata, mwisho akasimama. Wake wa mzee walikimbilia ndani wasionekane wakicheka.

Baada ya kula aliuliza, "Mzee, una nyumba ngapi?"

"Nne," mzee alijibu, akanyoosha mgongo.

Bwana Sefu akatazama huku na huku. Tembe ilikuwa moja. Akasema anaona nyumba moja tu, nyingine tatu ziko wapi. Mzee akasema zote zimo humo humo. Bwana Sefu akamwambia asimfanyie mchezo mtu wa serikali. Mzee naye akakasirika, akasema karani anamdharau, yeye si mtu wa nyumba moja, wilaya nzima inamjua, na ya tano iko njiani.

Mimi nilikuwa najua. Ninyi pia mnajua. Kwetu nyumba ni mke na chumba chake na jiko lake na watoto wake, hata kama paa ni moja. Lakini walikuwa wakisema kwa sauti kubwa wote wawili, nami nilikuwa nangoja waniachie nafasi, na nafasi haikupatikana. Kasanda ndiye aliyeniona ninavyotapatapa. Akanisukuma mbele, akasema mtani wake ana neno limemkaba kama mfupa.

Nilieleza. Bwana Sefu akacheka, akaniambia niandike nyumba nne. Mzee akauliza, kwani zinaandikwa kwa ajili ya nini. Kasanda akamjibu kwamba kodi huenda kwa nyumba. Mzee Magawa alitazama tembe yake tangu pembe hii hadi ile.

"Mgeni ameona vizuri," akasema. "Ni moja."

Wakeze wanne wakatoka ndani, na wa kwanza akamwuliza kwa upole ni ipi kati yao aliyobaki nayo. Tuliandika nne.

Katika hao wanne, mmoja alikuwa Mkaguru, mmoja Mhehe, na mama yake mzee mwenyewe alitoka Unyamwezi. Bwana Sefu aliuliza watoto ni kabila gani. Mzee alishangaa swali lenyewe. Mtoto ni wa baba, baba ni Mgogo, nini kingine. Nikaandika wote kumi na mmoja safu ya Wagogo. Naomba mlikumbuke hilo, kwa kuwa mimi nilikwenda nalo hadi Busi nikidhani ni sheria ya dunia yote.

Mayamaya hadi Haneti

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu siku nyingi, tukipita Mayamaya. Mizigo ilikuwa mizito na maji machache, lakini nilikuwa natembea mbele ya wote. Kila kilima kilichoonekana kaskazini nilimwuliza Kasanda kama ndicho cha Busi, hadi akaniambia nikiuliza tena ataniuza kwa Wamasai.

Karibu na Haneti watu walikataa kuhesabiwa. Bwana Sefu alimnyooshea mtoto kidole akasema moja, na mama yake akamfunika mtoto kwa ngozi. Kidole kinachohesabu watu ni kibaya. Tulikaa kivulini tukitazamana nao. Kasanda akapendekeza waokote changarawe, kila mama atie kwenye kibuyu moja kwa kila mtu wa nyumba yake, sisi tuhesabu changarawe. Hilo walilikubali, wakalifanya kwa furaha kama mchezo. Kibuyu kimoja kilitoa changarawe nyingi mno. Kumbe mama mmoja alikuwa ametia na za ng'ombe wake.

Hapo pia mzee mmoja alimshinda Bwana Sefu. Alipoulizwa kabila alisema baba yake alitoka Uhehe, mama yake Ukaguru, na yeye ni Mgogo. Bwana Sefu akauliza imekuwaje.

"Nimenyeshewa na mvua ya hapa," mzee akasema. "Na nimeikosa pamoja nao."

Bwana Sefu alisema hakuna safu ya mvua, lakini aliniagiza niandike Mgogo.

Kwenye njia ya kutoka Haneti, tulipoanza kupanda, nilimweleza Kasanda habari za dada yangu. Sijui nilivyopata ujasiri. Labda kwa sababu alikuwa mbele yangu na sikuona uso wake. Nilimweleza pia mpango wangu wa safu ya Wageni. Alihamisha mzigo kutoka bega hili hadi lile. Kisha akauliza, "Yeye mwenyewe anataka?"

Nikasema nani hataki kurudi kwao.

Busi

Busi ni kuzuri, sitaki kuwaficha. Vilima vina mashamba hadi juu, maboga yametambaa kwenye mawe, na asubuhi kuna ubaridi wa kumfanya mtu atake chakula. Jumbe alitupa asali kwenye majani na kande iliyopikwa na karanga. Watu walikuja wenyewe, wamevaa nguo safi, wengine na kofia. Waliketi kwa zamu mbele ya meza yangu, nami nilikuwa nimekwisha kuandika mistari ishirini na saba kwenye ukurasa ule, mizuri kuliko yote niliyopata kuandika.

Akaja mwanamke na watoto watatu. Nyuma yake alifuata bibi mzee, akiwa ameshika pindo la kanga ya mwanamke huyo kama anayemwongoza mbuzi. Bwana Sefu akamwuliza mwenye watoto jina.

"Zaituni."

Mume? Alifariki. Watoto? Watatu, hawa. Kabila?

Hapo alimvuta mtoto mdogo karibu. Jumbe akasema kwa niaba yake, bila ubaya, kwamba huyu alikuja utotoni, mwaka wa njaa, kutoka bondeni kusini. Mimi kalamu ilinianguka. Wino ulimwagika mezani, bahati njema si kwenye karatasi. Nilimwuliza kwa Kigogo kama aliitwa Mbeho.  Kigogo kilikuwa kimemtoka, lakini jina alilijua. Akasema ndiyo, na wewe ni nani?

"Mimi ndiye niliyekuwa mgongoni," nikasema.

Sitaandika yote ya hapo. Alinishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayechagua boga, akageuka akawaonyesha watu, akasema huyu ni yule, huyu ni yule mdogo. Watoto wakacheka. Nikamwambia mama yu hai. Aliketi chini. 

Basi katika furaha ile nikarudi mezani, nikaokota kalamu, nikaandika. Zaituni, aitwaye Mbeho, mmoja, safu ya Wageni, Mgogo. Watoto watatu, baba yao Mrangi, safu ya Warangi.  Nikamgeukia nikamwambia mambo yamekwisha, baada ya mavuno serikali itamleta kwa mama.

Jumbe aliomba asomewe. Bwana Sefu akamsomea. Yule bibi mzee, aliyeitwa Bi Salima, akaniuliza maana ya neno wageni, nami nikamweleza.

"Na hawa watoto?"

Nikamwambia asihofu, watoto wamebaki. Ni wa baba yao, nimewaandika Warangi.

"Wa baba yao," akasema. "Kijana, umesomea wapi? Hapa mtoto ni wa tumbo. Ukoo wake ni ukoo wa mama yake. Huyu nilimwingiza katika ukoo wangu, mbele ya watu, akanyolewa, akala na ndugu zangu. Kwa hiyo watoto wake wana ukoo, wana shamba, wana wajomba. Ukimtoa yeye na kumwandika wa kwenu, hawa ni wa nani? Baba yao alikuwa na ukoo wake, hauwataki. Umewaacha hewani."

Nilimtazama jumbe nikitumaini atamkanusha. Alisema ndivyo ilivyo. Karatasi ikisema mama ni mgeni, basi tumbo lote ni la mgeni, naye siku ya amri atawapeleka wote wanne bondeni, na shamba litarudi kwa ukoo.

Nikafikiri, basi vema, waje wote wanne. Nikasema hivyo. Nilimwambia dada kwamba mjomba ana nafasi, na kwetu watoto watapendwa. Hata niliposema nilisikia kwamba kwetu, kwa desturi yetu, wangekuwa watoto wa Mrangi aliyekufa, wasio na baba wa kuwapa ng'ombe. Kule Busi hawana ukoo wa mama, huku kwetu hawana baba. Ni mimi niliyewafanya hivyo, kwa mistari miwili.

Dada hakupandisha sauti. Aliongea Kiswahili taratibu, akichagua maneno, kwa kuwa si lugha yake wala yangu.

"Mara ya kwanza mlinitoa bila kuniuliza. Nilikuwa mtoto, na ilikuwa njaa, sina neno. Leo nina watoto watatu na mahindi yako ghalani. Mbona mara hii pia hukuniuliza?"

Jibu la hilo halikunijia hata baada ya vituo viwili. 

Nilimwendea Bwana Sefu nikamwomba tufute. Akasema nimesikia amri, karatasi isifutwe. Nikamwomba niandike ukurasa mwingine. Akasema mistari ishirini na tisa kwa mwendo wangu ni siku nzima, na sisi tunangojwa Kondoa. Tena dada yangu ni Mgogo kweli, yeye si wa kuandika uongo. Hapo, jamani, nilisema kwa sauti. Watu wote wa uwanjani waligeuka. Nilisema kwamba yule mzee wa Haneti baba yake alikuwa Mhehe na tulimwandika Mgogo kwa sababu ya mvua. Nilisema kwamba dada yangu amenyeshewa na mvua ya Busi mara nyingi kuliko ya kwetu. Nilisema kama amri ni kuandika watu walivyo, basi waulizwe walivyo. Kisha nikatazama miguu yangu.

Bwana Sefu alivua kofia akaifuta vumbi, na vumbi halikuwapo.

"Bibi yangu mzaa mama aliletwa Pangani kutoka bara," akasema. "Labda ni huku, labda si huku. Hakuna aliyemwandika. Mimi naandikwa Mswahili, na sijapata kuulizwa." Akaiweka kofia kichwani. "Muulize dada yako."

Nikamwuliza. Mbele ya wote nikamwuliza kabila, kama nilivyopaswa tangu mwanzo. Alimtazama Bi Salima, akanitazama mimi, na nikaona kwamba hata yeye lilimwuma. Akasema, "Mrangi."

Niliandika ukurasa ule tangu asubuhi ya pili hadi jua lilipokuwa juu ya kilima cha magharibi. Upepo wa vilimani ulikuwa mkali. Kasanda alikaa karibu ameshikilia pembe za karatasi kwa mikono na kiwiko, akisema hii ndiyo mara ya kwanza Mnyamwezi kufanywa jiwe. Nikamwambia si mara ya kwanza, babu zake walipokuwa wakingoja maji kwetu walikaa hadi wakaota kuvu. Aliniangalia mdomo wazi. Kisha akaita watu waje wasikie, mtani wake amezaliwa leo.

Mstari wa ishirini na nane niliandika Zaituni, ukoo wa Bi Salima, Mrangi. Wa ishirini na tisa watoto wake watatu, Warangi. Jina la Mbeho sikuliandika. Ule ukurasa wa kwanza Bwana Sefu aliutia motoni mbele yetu. Tulikaa siku mbili zaidi, na Kondoa wakangoja. Bi Salima hakunikasirikia tena, ila kila nilipokaa karibu na dada yeye alikaa katikati.

Kurudi Gulwe

Ya Kondoa ni kazi tu, na njia ya kurudi mnaijua. Niliogopa kufika. Garimoshi halikusimama popote, lilikwenda kama lililotumwa, nami nilikuwa naomba liwe na kiu.

Mama alikuwa uani. Nilimwambia yu hai, ana watoto watatu, wa katikati ana masikio ya baba. Alisikiliza yote amesimama. Nilipofika kwenye karatasi nilimweleza kila kitu, kwamba nilikuwa nimekwisha kumwandika kwetu, kwamba angekuja, na kwamba niliandika upya kwa mkono wangu mwenyewe, na sasa katika kitabu cha serikali mama hana binti. Nikamwambia anisamehe.

Akaketi juu ya kinu.

"Siku ile kule vilimani," akasema, "yule mwanamke aliniuliza, mtoto huyu ni wa nani? Kikapu kilikuwa mikononi mwake. Nikamwambia, ni wako. Mara tatu aliniuliza, na mara tatu nikamjibu hivyo, na Mbeho amesimama anasikia." Alipangusa unga magotini. "Wewe umeandika tu, mwanangu. Nilikwisha kusema mimi."

Tukakaa. Kuku waliingia kwenye unga na hatukuwafukuza. Baadaye aliniuliza kama yule Bi Salima bado ana nguvu, na kama ni mkali. Nikasema ni mkali. Akasema vizuri. Akauliza kama mtu asiye wa ukoo, asiyeandikwa popote kule, anaweza kwenda Busi kama mgeni wa kawaida, wa kukaribishwa na kupewa kigoda. Nikasema nadhani anaweza.

Ndiyo maana mnamwona mama tangu juzi anaanika mlenda na kubanja ubuyu, na ndiyo maana jana alinituma stesheni kuuliza jambo ambalo mwenye stesheni alilicheka sana, yaani kama mbuzi mwenye mimba akipandishwa behewa la wazi hulipiwa mmoja au wawili.